Roboti Aliyekaa Kwenye Kochi

Hotuba hii ilitolewa mbele ya maprodyuza, ma-DJ na wapenzi wa muziki jijini Dar es Salaam. Tumeiweka yote hapa kwa ajili ya wale waliokosa kufika. Nyimbo zilizopigwa katikati ya mazungumzo hazimo.

Assalam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Na nyie wadogo zangu mliosimama kule nyuma, mmeliegemea lile spika kana kwamba ni lenu, mambo vipi?

Nawashukuru walioniita. Waliniambia nizungumzie historia ya muziki wa mashine. Nikawaambia hiyo ni kazi ya mwezi mzima, nipeni albamu moja tu. Wakakubali. Sasa nina swali kabla hatujafika mbali: wimbo uliotengenezwa kwa ajili ya kuchezwa, ukiusikiliza umekaa, unabaki kuwa wimbo uleule?

Mnacheka. Lakini kuna watu wamegombana miaka zaidi ya 30 kwa swali hilo.

Julai 1992, lebo moja ndogo ya mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, ilitoa albamu ya mkusanyiko iliyoitwa Artificial Intelligence. Lebo yenyewe inaitwa Warp. Nyimbo zake karibu zote hazina mwimbaji. Hakuna gitaa la mbele, hakuna kiitikio cha kuimba njiani ukirudi nyumbani. Ni mashine: sintesaiza, yaani vinanda vya umeme vinavyobuni sauti, mashine za ngoma, kompyuta za bei nafuu. Na waliiuza kama muziki wa kielektroniki wa kusikiliza. Wa kusikiliza! Tekno, muziki uliozaliwa ili watu wacheze mpaka jua liwakute, leo unaambiwa kaa chini, tulia, sikiliza.

Hoja yangu naisema mapema, ili hata anayewahi daladala aondoke nayo. Mkusanyaji naye ni mtunzi. Hajagusa kinanda, hajapanga hata pigo moja. Lakini akichagua nyimbo hizi akaacha zile, akaanza na huyu akamaliza na yule, akaweka picha nje na jina juu, ametunga kitu ambacho hakikuwepo jana. Na kwa kuwa ametunga, lawama za alichotunga nazo ni zake. Hilo la lawama tutalifikia.

Kwanza twende Sheffield.

Wazee hapa wanaujua huo mji bila kufika. Visu na uma vilivyokaa kwenye makabati ya kina bibi, vile vya kutolewa mgeni akija, vingi vilikuwa na muhuri wa Sheffield. Ni mji wa chuma cha pua. Miaka ya 1980 viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, magodauni yakabaki matupu. Ila ulikuwa mji uliozoea sauti za mashine, kazini na hata kwenye muziki. Cabaret Voltaire walitoka pale. Human League walitoka pale. Kijana wa Sheffield kununua sintesaiza badala ya gitaa halikuwa jambo la ajabu.

Mwaka 1989 vijana watatu, Robert Gordon, Winston Hazel na Sean Maher, wakatengeneza wimbo. Kundi lao wakaliita Forgemasters, jina walilolichukua kwenye kiwanda kikubwa cha chuma cha mji wao. Wimbo wenyewe wakauita "Track with No Name". Jina la kiwanda juu, na wimbo usio na jina chini yake! Kama kuna maelezo bora ya hali ya mji wao wakati ule, mimi sijayasikia.

Nani atautoa? Palikuwa na duka la santuri, na dukani palikuwa na Steve Beckett na Rob Mitchell. Wakaungana na Gordon, wakaanzisha lebo. Mtaji ulitoka wapi? Serikali ya Uingereza ilikuwa na mpango wa kuwapa posho watu wasio na ajira wanaoanzisha biashara. Wakachukua ile posho, wakachapisha nakala 500, wakazisambaza kwenye maduka kwa gari la kuazima. Gari la kuazima, ndugu zangu! Jina walilotaka mwanzo lilikuwa Warped, lakini kwenye simu watu walikuwa hawalisikii vizuri, wakalifupisha. Ndiyo lebo hiyo ambayo leo vyuo vinaiandikia tasnifu.

Na sikilizeni hapa, maana hapa ndipo wengi wanaposimulia vibaya. Wanakwambia tekno ya Uingereza ilikuwa muziki wa vijana weupe waliojifungia chumbani na kompyuta. Si kweli. Gordon na Hazel ni Waingereza weusi. Sheffield, Leeds, Bradford, hii ilikuwa miji yenye familia kutoka Karibea, na familia hizo zilikuja na utamaduni wa rege wa kufunga maspika makubwa ukumbini mpaka kifua kitetemeke. Ile besi ya santuri za kwanza za Warp imetoka huko. Juu kuna vimlio vidogo vya mashine, chini kuna besi ya rege. Mwaka 1990 vijana wawili wa Leeds waliojiita LFO wakatoa singo kwa lebo hiyohiyo, na singo ikafika nafasi ya 12 kwenye chati ya Uingereza. Wimbo ambao maneno yake ni mashine inayotaja jina la kundi, ukawa karibu na kumi bora ya taifa zima. Gordon mwenyewe hakudumu pale, aliondoka mapema. Lakini ukizima ile besi yake, hadithi yote ya Warp haina miguu.

Haya. Tufike 1992. Kwa nini mwaka huo mtu afikirie kumkalisha msikilizaji?

Kwa sababu nje palikuwa pamechafuka. Tangu 1988 Uingereza ilikuwa imeshikwa na homa ya asidi hausi, aina ya hausi, muziki wa mashine wa kuchezwa. Watu walikesha kwenye magodauni, viwanja vya ndege vilivyoachwa, mashamba ya watu. Mei 1992, miezi miwili tu kabla ya albamu yetu, zaidi ya watu 20,000 walijazana kwenye uwanja wa wazi wa Castlemorton wakacheza kwa karibu wiki nzima, polisi wakitazama wasijue waanzie wapi. Magazeti yakapiga kelele, bunge likapiga kelele.

Na huku kwenye chati, kila aliyekuwa na sampla, mashine ya kunasa na kurudia sauti, aliamka na wazo lilelile: chukua sauti ya kipindi cha watoto, iongezee kasi, weka mdundo. The Prodigy walichukua paka wa tangazo la usalama wa watoto, wakatoa "Charly" mwaka 1991, wakafika nafasi ya 3. Mwaka uliofuata Smart E's wakachukua wimbo wa Sesame Street, wakafika nafasi ya 2. Jarida moja kubwa la muziki wa dansi likauliza kwenye ukurasa wa mbele kama "Charly" ndiye aliyeua mikesha. Mimi sina ugomvi na "Charly", ni wimbo wenye akili kuliko wanavyousema. Lakini wenzangu, mnaijua hali hiyo. Wimbo mmoja ukishika, wiki mbili baadaye una wajukuu 40 na wote wana sura moja.

Chini ya kelele zote hizo kulikuwa na kitu kingine. Beckett ameeleza mara nyingi alichokuwa anakiona. Santuri zilikuwa zinakuja na wimbo wa kuchezwa upande A, na upande B kuna kitu cha ajabu: taratibu, chenye melodi, chenye huzuni hata. DJ hakipigi, kwa sababu akikipiga watu wanaenda kununua maji. Lakini watu wakitoka kwenye mkesha saa kumi na mbili asubuhi, wakarudi nyumbani, usingizi hauji, masikio bado yanavuma, ndicho wanachokiweka. Tayari tangu 1989, kwenye klabu ya Heaven jijini London, Alex Paterson wa kundi la The Orb alikuwa na chumba chake pembeni ambako alipiga muziki usio na ngoma, kwa ajili ya waliochoka.

Kwa hiyo muziki ulikuwepo. Wasikilizaji walikuwepo. Kilichokosekana ni pa kukaa. Dukani, muziki huo uliwekwa wapi? Kwenye kreti la ma-DJ, ambao hawautaki. Redioni? Hakuna kipindi chake. Muziki ulikuwepo, ila haukuwa na pa kukaa.

Sasa niwaeleze ile picha, maana ambao hawakufika hawataiona. Kava lilitengenezwa kwa kompyuta na msanii Phil Wolstenholme. Ni sebule. Kuna kochi. Kwenye kochi amejilaza roboti, mwili mzima umelegea, moshi wa msokoto unapanda. Yuko peke yake. Na sakafuni zimelala santuri zake. Mkisogea mnaweza kuzitambua: The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, na Autobahn ya Kraftwerk, kundi la Kijerumani la muziki wa mashine.

Mnaona walichofanya? Hakuna klabu, hakuna taa, hakuna umati. Hata mashine yenyewe imechoka kucheza, imerudi nyumbani kusikiliza santuri. Beckett amesema wazi kwamba zile santuri za sakafuni ziliwekwa makusudi, ili mtu dukani aelewe kwamba hii anatakiwa kuisikiliza kama alivyosikiliza Pink Floyd au Kraftwerk. Kava lilikuwa maelekezo. Mtu hajalipa hata senti, tayari ameshaambiwa akae wapi.

Sisi watu wa pwani tusijifanye wageni wa jambo hili. Unguja, taarab asilia ni muziki wa kiti. Watu wamevaa, wamejifukiza udi, wamekaa kwa mistari, wanasikiliza neno kwa neno. Anayeinuka anakwenda kutunza, anarudi kukaa. Ikaja taarab ya kisasa, vinanda vikaongezeka, besi ikapanda, rusha roho ikaingia, viti vikasogezwa ukutani. Wazee wakasema hiyo si taarab. Vijana wakasema nyie mnasinzia. Sheffield walipita njia hiyohiyo kinyumenyume: sisi tuliondoa viti, wao walileta. Na ugomvi ni uleule, neno kwa neno. Waliocheza walisema muziki usiochezeka si tekno. Waliokaa walisema hatimaye tumeusikia.

Tuingie ndani ya santuri. Nitapita baadhi tu.

Anayefungua anaitwa The Dice Man. Jina la bandia. Ni Richard James wa Cornwall, kona ya kusini-magharibi kabisa ya Uingereza, mbali na kila klabu. Alikuwa na miaka 20. Dunia baadaye ilimjua kama Aphex Twin. Wimbo wake una ngoma ngumu, mtu angeweza kuucheza, na ndiyo maana upo mwanzo: unakuchukua ulikotoka, unakushika mkono. Kisha wanakuja Musicology, wawili wa mashariki mwa London, ambao jina lao jingine ni B12. Kisha Autechre, vijana wawili wa Rochdale, Sean Booth na Rob Brown. Kisha I.A.O., nalo ni jina la bandia la watu wa kundi la The Black Dog. Yumo Speedy J wa Rotterdam, Uholanzi. Yumo UP!, ambaye ni Richie Hawtin, kijana aliyezaliwa Uingereza akakulia Ontario, Kanada, ng'ambo ya mto tu kutoka mji wa Detroit, Marekani. Anayefunga ni Alex Paterson, yule wa chumba cha waliochoka, kwa wimbo uliochipuka kutoka kwenye kazi ndefu ya The Orb ya 1989, ile iliyochukua sauti ya Minnie Riperton. Wazee mnamkumbuka Minnie Riperton, yule dada wa sauti nyembamba inayopanda mpaka ndege wanaitikia.

Angalieni mpangilio. Unaanzia kwenye mdundo, unaishia mahali mdundo umeyeyuka. Aliyepanga alikuwa anakutoa ukumbini na kukupeleka nyumbani, hatua kwa hatua. Hakuna hata mmoja kati ya wale watunzi aliyetunga safari hiyo. Kila mmoja alileta wimbo wake. Safari imetungwa na mkusanyaji.

Na angalieni majina. The Dice Man, Musicology, I.A.O., UP!. Wote wamevaa barakoa. Sura pekee kwenye kava ni ya roboti. Tekno ilipenda hivyo, mtu ajifiche nyuma ya sauti. Lakini wenye lebo walikuwa na hesabu yao, na hapa tuzungumze pesa kidogo, maana tukizungumza sanaa tupu nyie maprodyuza mtanikimbia.

Muziki wa dansi uliuzwa kwa singo za inchi 12. Singo ananunua DJ. Inapigwa miezi miwili, inazeeka, inatupwa. Albamu ananunua mtu wa kawaida mwenye redio ya CD nyumbani, na akiipenda atataka ya pili ya msanii yuleyule. Warp walitumia mkusanyiko kama utangulizi. Mwaka 1993 wakamtoa mmoja mmoja: James kwa jina la Polygon Window, The Black Dog, B12, Hawtin kwa jina la F.U.S.E., Speedy J, na mwisho wa mwaka Autechre na albamu yao Incunabula. Ule wimbo wa Autechre "The Egg" uliokuwa kwenye mkusanyiko ukarudi humo umefanyiwa kazi upya. Mwaka 1994 mkusanyiko wa pili ukafunga mfululizo. Aliyekuwa mtu wa upande B wa singo moja, miezi kumi na minane baadaye ana albamu nzima na watu wanaisubiri inayofuata. Hiyo ndiyo kazi ya mkusanyiko uliopangwa na mtu mwenye mpango. Ule wa kurundika nyimbo 20 ili CD ijae haufanyi hivyo, na nyie mnaijua mingi ya namna hiyo.

Sasa lawama. Nilisema tutafika.

Muziki huu mama yake yuko Detroit. Juan Atkins, Derrick May, Kevin Saunderson: vijana watatu weusi waliosoma pamoja Belleville, nje kidogo ya Detroit, wakachukua mashine ambazo wanamuziki wengine hawakuzitaka, wakazifanya ziseme. Na hata huko, aliyewaleta pamoja mbele ya dunia ni mkusanyiko. Mwaka 1988 Mwingereza Neil Rushton, aliyetoka kwenye utamaduni wa kaskazini wa kukusanya santuri adimu za soul za Wamarekani weusi, alikusanya nyimbo za Detroit kwa ajili ya soko la Uingereza. Jina lililopangwa lilikuwa la kuitaja kama hausi ya Detroit. Atkins akaleta wimbo wake unaoitwa "Techno Music". Jina la albamu likabadilishwa, ikatoka kama Techno! The New Dance Sound of Detroit. Mnaona? Muziki mzima, duniani kote, unaitwa tekno mpaka leo kwa sababu ya mabishano ya jina la mkusanyiko! Angalau pale jina lilitoka kwa mwenye muziki.

B12, wale wa mashariki mwa London, waliipenda Detroit kiasi kwamba santuri zao za mwanzo, zisizo na picha wala majina ya watu, ziliwafanya wasikilizaji wengi waamini zimetoka Detroit. Mapenzi hayo hayakuwa ya uongo. Ukisikiliza nyuzi zao za sintesaiza unasikia Derrick May ndani. Lakini soma kava la Artificial Intelligence kama mgeni. Utamwona Mjerumani, Kraftwerk. Utawaona Waingereza, Pink Floyd. Je, utamwona Atkins sakafuni? Utamwona May? Humwoni. Picha ilikuwa na nafasi ya santuri nyingine, na uchaguzi ulifanywa. Siwaiti wabaya; walitaka kumvuta mnunuzi wa roki, wakaweka anachokijua. Ila kilichowekwa sakafuni mwa roboti kikageuka ukoo wa muziki. Vijana wengi waliokuja baadaye walidhani muziki huu ulitoka Ujerumani ukapita Sheffield, basi.

Halafu lile jina, Intelligence, Akili. Lilikuwa na utani wa filamu za kubuni ndani yake, roboti na mambo hayo. Lakini waandishi na mashabiki wakalichukua kwa uzito, na mwaka mmoja baadaye pakawa na kundi zima la watu wanaojiita wasikilizaji wa muziki wa dansi "wenye akili". Haya niambieni: kama mmoja ana akili, yule mwingine anayecheza kule chini ana nini? Aphex Twin mwenyewe alipoulizwa alilicheka jina hilo hadharani, akasema maana yake ni kwamba huu una akili na mwingine wote ni wa kijinga. Na alikuwa sahihi.

Tena alikuwa sahihi kwa ushahidi. Mwaka uleule wa 1992, kwenye klabu za London ambazo watu wa kochi walizidharau, vijana weusi kwa weupe walikuwa wanazaa jungle, muziki wa ngoma za kasi zilizokatwakatwa. Mmoja wao, prodyuza Goldie, akatoa "Terminator". Mle ndani ngoma zinapanda sauti bila kuongeza kasi, kama kaseti inayovutwa lakini saa haisogei. Hakuna kitu kwenye mkusanyiko wa Warp chenye uvumbuzi wa kiufundi kuzidi kile. Hakuna! Na baada ya miaka mitatu, nani walikuwa wanajifunza kukatakata ngoma kwa mtindo wa jungle? Aphex Twin na wenzake. Wenye kochi walisimama wakaenda kujifunza kwa waliocheza.

Nawaona mnanong'ona kule nyuma. Najua mnafikiria singeli. Subirini, nakuja. Kuna kisa kimoja lazima nikiseme kwanza, maana bila hicho mtadhani hawa wa kochi walikuwa watu wa kujitenga tu.

Mnakumbuka Castlemorton na zile kelele za bungeni. Mwaka 1994 ukaja muswada wa sheria ya jinai uliowapa polisi uwezo wa kuvunja mikusanyiko ya muziki ya wazi, na ndani yake muziki wenyewe ulielezwa kisheria: sauti zenye sifa ya mfuatano wa mapigo yanayojirudia. Mapigo yanayojirudia! Sheria ya nchi ikataja mdundo. Nani aliyejibu kwa jibu lililokaa? Autechre, wale wawili wa Rochdale, wa muziki wa kukaa. Walitoa santuri ya nyimbo tatu, Anti EP. Juu yake wakabandika onyo. Nyimbo mbili, walisema, zina mapigo yanayojirudia, msizipige sheria ikipita. Wa tatu, "Flutter", tumeupanga hivi kwamba hakuna kipande ambacho mapigo yake yanafanana na kingine, kwa hiyo unaruhusiwa. Hata hivyo tunamshauri DJ awe na wakili na mtaalamu wa muziki pembeni muda wote, polisi wakija wathibitishe. Mapato wakayapeleka kwa Liberty, shirika la haki za raia.

Sheria ilipita. Lakini "Flutter" isikilizeni leo usiku. Inachezeka! Mwili haujui kwamba mapigo hayajirudii.

Haya sasa, singeli.

Mwaka 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko unaoitwa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso, Mburahati hapa hapa mjini kwetu. Wengi humu mlikuwa mnaujua muziki ule miaka mingi kabla, kwenye vigodoro, kwenye bodaboda, na mlijua pia ulivyoitwa: uhuni, makelele, muziki wa uswahilini. Mkusanyiko ukapita mipaka. Baada ya hapo wakafuata mmoja mmoja, Bamba Pana na albamu yake, Jay Mitta na yake. Mnautambua mpango huo? Mkusanyiko kwanza, kisha albamu ya kila mmoja. Na wasikilizaji wa kwanza wa Ulaya, wengi wao walikuwa watu ambao masikio yao yalifunguliwa na muziki wa mashine wa miaka ile ya 1990, watu waliozoea kukaa na kitu kigeni mpaka kiwaingie.

Lakini tazama tofauti mbili. Ya kwanza, jina. Mkusanyiko ule ulibeba jina la studio ya Mburahati, haukuwaita wanasingeli "wenye akili" wala haukuwaombea radhi. Nani alitengeneza, wapi, imo kwenye jina. Hiyo naisifu. Ya pili ndiyo inayonikera: aliyekusanya alitoka Kampala. Nawaheshimu sana, walifanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Hatukuifanya! Duka la Sheffield lilikusanya ya jirani zake. Sisi jirani alikuwa anapiga spika ukutani kwetu usiku kucha, na tulimpigia simu mjumbe.

Kwa hiyo nina ombi la kikazi, na hili nalisema hasa kwa ma-DJ, maana nyie ndio wenye kreti. Mna nyimbo kwenye fleshi na kwenye kompyuta ambazo hamzipigi kwa sababu watu wanaenda kununua maji. Zile za mwendo wa ajabu. Zile prodyuza alizozitengeneza alfajiri akacheka mwenyewe. Msizifute. Na msizihifadhi kwa jina la "biti mpya 7 final final". Andikeni nani ametengeneza, studio gani, mtaa gani, mwaka gani. Muulizeni mwenyewe kama anakubali zitoke, mkubaliane mgawo kabla, kwenye karatasi, na mashahidi. Kisha chagueni chache. Si 40. Chache, na mjue kwa nini ya tatu imekuja baada ya ya pili.

Mkifika kwenye kava, itaneni, mbishane. Muulizane nani ataonekana pale na nani ataachwa nje.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananiangalia kwa jicho lile. Fundi mitambo, tuwekee "Flutter" wakati watu wanajipanga kwa maswali. Na yule kijana wa shati jekundu, najua una swali tangu nilipomtaja Goldie. Njoo wewe wa kwanza.